Mshipa Umefika Vwawa

Tunduma nzima waliujua mkono wangu wa kulia. Sijisifu, nasema kilichokuwapo. Wanunuzi wengine wa mahindi walikuja sokoni na bambo, ule mchuma wenye ncha unaochomwa ubavuni mwa gunia ili punje zimiminike wazione. Siku hizi wengine wana kimashine, unakilisha punje chache kinakuandikia namba. Mimi nilikunja shati, nikatumbukiza mkono ndani ya gunia mpaka kiwikoni, nikafumba macho, nikasema: hili limekauka, hili lirudi juani, na hili, mwenzangu, juu kavu chini bichi, usinifanye mtoto. Walimwaga chini kuhakikisha. Walikuta vilevile. Kuna mteja wangu wa Nakonde, kila akivuka mpaka kuja kununua maharage, alikuwa anaushika kwanza huo mkono, anausalimu kwa Kibemba, "mwapoleni, mukwai," halafu ndipo ananitazama usoni na kusema, "Na wewe mwenye mkono, hujambo?"

Shule niliiachia darasa la tano. Leo nina ghala ambalo mabati yake yanang'aa ukiyatazama kutoka ng'ambo, Zambia, na nina maroli yanayokwenda na kurudi. Sikurithi hata jembe. Vyote hivyo viliingia kupitia vidole hivi.

Na vidole hivi alinifundishia mama, kule Igamba, kwenye vichanja vya kahawa. Baba hakukaa sana duniani, kwa hiyo kahawa ilikuwa ya mama na mimi. Jioni, kabla hatujafunika, alikuwa ananifunga macho kwa ncha ya kitenge chake, ananitilia kahawa yenye maganda kiganjani.

"Ya jana au ya juzi?"

"Ya jana."

"Umechungulia."

"Sijachungulia, mama."

"Basi na hii?"

Akishaniwekea, alikuwa anakifunga kiganja changu kwa mkono wake, nami nilikuwa nausikia ufa. Mama alikuwa na ufa kwenye gumba la kulia, umekata toka ncha mpaka karibu na kiungo, wa miaka ya jembe. Kiangazi unapasuka, anaupaka mafuta ya kupikia, masika unafumba kidogo, lakini hauondoki. Nilijua majira ya mwaka kwa ule ufa. Ningekuwa kipofu ningemtambua mama kati ya wanawake wa kata nzima kwa kushikwa mkono tu.

Ajabu ya Mungu, kipofu amekuwa yeye. Macho yalianza na ukungu, tukachelewa, presha ya macho ikamaliza kazi. Sasa anaona kwa mkono. Na kwetu salamu ya mkono si ya kugusa na kuachia kama watu wa ofisini. Unaushika mkono wa mtu, unauliza ya nyumbani kwake, ya watoto, ya mifugo, ya mvua, na mkono hauachiwi mpaka habari ziishe. Mama habari zake haziishi upesi. Kila nilipokwenda Igamba, alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, nami nikakaa pale kibarazani, mtu mzima mwenye maroli, gumba lenye ufa likitembea juu ya kiganja changu huku na huku, na simu ikilia mfukoni bila kupokelewa.

Hicho ndicho nilichopoteza. Mahindi yanafuata.

Ilikuwa Mlowo, msimu wa mavuno, watu wamejaa, vumbi la pumba limefunika mpaka kofia. Mkulima mmoja kijana aliniambia, "Mzee, ngoja nilimwage kwenye turubai uone vizuri."

Nikamjibu, "Mwagia wanaoona kwa macho."

Watu wakacheka, na mimi napenda watu wakicheka kwa neno langu. Nikakunja shati, nikautupa mkono ndani kwa nguvu kuliko kawaida, kwa sababu ya wale wanaotazama. Sasa, kwetu wakati wa kujaza magunia watu wanachotea kopo la bati lililokatwa mdomo. Shughuli ikikolea kopo linazama kwenye punje, mtu anadhani mwenzake kalichukua, gunia linashonwa. Lile kopo lilikuwa mle, limesimama, mdomo juu. Lilinipata upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia umeme, umepiga toka kiwikoni mpaka ncha za vidole, mara moja tu. Baada ya hapo vidole vikanyamaza. Nilipoutoa mkono, mahindi yalikuwa yamenata kwenye damu kama yamepandwa.

Nilishonwa, nyama na mshipa. Kidonda kilipona vizuri, mimi nina nyama inayopona. Lakini gumba, kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimekufa, na kidole cha pete, usicheke, kilikufa nusu. Ungechora mstari katikati yake toka juu hadi chini, upande mmoja unasikia hata nzi akitua, upande mwingine ungeweza kuuchoma na shazia ya kushonea magunia nami nikaendelea na soda yangu. Kidole kidogo peke yake ndicho kilichobaki na akili zake zote. Gumba likawa haliwezi kwenda kukutana na wenzake. Mke wangu akawa ananifunga vifungo vya shati, mimi niliyekuwa navifunga huku nahesabu magunia.

Nilikwenda Igamba bandeji zilipotoka. Mama alikuwa ameambiwa nimekatwa na bati, hakuambiwa zaidi. Nikampa mkono, nikijitahidi kumshika kama siku zote. Akaruka.

"Unanivunja!"

Nikalegeza. Sikujua nimebana, na nilipolegeza sikujua nimelegeza kiasi gani. Mkono usiosikia haujui kupima. Mama akaushika tena, akaupapasa kidole hadi kidole, gumba lake linatembea, naliona kwa macho kwamba linatembea, na upande wangu hakuna kitu. Ni kama kumtazama mama kupitia kioo cha gari lililofungwa, midomo inacheza, sauti haiji.

Akauliza, "Huu mkono wa nani umeniletea?"

"Wangu, mama."

"Wako haukuwa hivi." Halafu akakipata kidole kidogo, akakishika hicho peke yake, akaanza kuniuliza ya nyumbani.

Ndipo nikaenda hospitali kubwa, kwa daktari wa mishipa. Ni binti, umri wa mwanangu wa kwanza, ananiita baba na hapo hapo ananikaripia. Mshipa ulishashonwa, kazi yake sasa ilikuwa kuufuatilia. Alichukua kalamu ya wino akauchora mshipa huo juu ya ngozi yangu toka shingoni, ukapita begani, kiwikoni, mpaka kwenye vidole vitatu na nusu.

Nikamwambia, "Mishipa ya damu naijua, binti yangu."

"Hii si ya damu, baba. Hii ni ya fahamu."

"Fahamu si ziko kichwani?"

"Ziko kichwani, na kwenye kamba nene inayoshuka ndani ya mfupa wa mgongo. Hapo ndipo makao makuu. Kutoka hapo mishipa inatawanyika mwili mzima mpaka kwenye ukucha. Kuna nyuzi zinazopeleka habari juu, kuna nyuzi zinazoshusha amri. Wewe umekatwa zote, za kusikia na za kusogeza."

"Zinapita njia moja? Kwenda na kurudi?"

"Mshipa mmoja, ndani yake nyuzi maelfu, kila uzi na njia yake. Hazigongani."

"Basi zimetushinda sisi wa barabara ya Zambia."

Akacheka, halafu akanigonga chini ya goti na kinyundo cha mpira. Mguu ukaruka.

"Nani kauamuru?"

"Wewe, si umenigonga?"

"Nimegonga tu. Habari imefika mgongoni, mgongo umejibu wenyewe. Ubongo umepewa taarifa mambo yameshakwisha."

Sikupenda. Ghalani kwangu haliondoki gunia bila mimi kujua, halafu mguu wangu mwenyewe unaruka kwanza ndipo unaniarifu. Akaendelea kunikandamiza: moyo unajidunda, utumbo unajisukuma, jasho linajitokea, mboni ya jicho inajifunga kwenye jua, vyote vina mishipa yake na havisubiri ruhusa yangu.

"Sasa mimi humu ndani kazi yangu nini?"

"Kujisifu," akasema. "Geuza mkono."

Alinieleza kwamba nyuzi zote zilizokuwa chini ya jeraha zimekufa, yamebaki maganda yake tu, kama mpira wa kumwagilia usio na maji. Nyuzi mpya zinaota kutoka juu, zinaingia kwenye maganda hayo na kusogea taratibu. Taratibu kiasi gani? Siku njema, upana wa punje ya ulezi. Siku nyingine hata hiyo haifiki. Nikauliza kama kuna dawa ya kuziharakisha, mimi nitalipia. Akasema hakuna. Maishani sijawahi kuambiwa kuna kitu siwezi kukiharakisha, hata pale mpakani huwa kuna namna.

Lakini alinionyesha jambo moja ambalo lilinisaidia kuishi. "Gonga hapa na kidole, taratibu, ukishuka. Ukisikia umeme unakimbilia kiganjani, hapo ndipo nyuzi zilipofika leo."

Nikaipa njia hiyo ya mshipa majina ya miji ya barabara ya Zambia. Kichwa ni Dar, mzigo wote unatoka na kurudi huko. Shingo ni Mbeya. Kiwiko ni Mlowo, kwenye ajali. Katikati ya mkono ni Vwawa, kifundo cha mkono ni Mpemba, ncha za vidole ni Tunduma. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikaa mlangoni mwa ghala nikijigonga kama mtu anayebisha hodi. Wanawake wanaonichambulia maharage walizoea, na mkubwa wao, mama mmoja Mnamwanga mwenye mdomo, hakuniachia siku hata moja.

"Bosi, leo mshipa uko wapi?"

"Umetoka Mlowo, unaitafuta Vwawa."

"Mwezi mzima? Hilo roli lako limepakia nini, mawe?"

Siku nyingine nikamtangazia mwenyewe kabla hajauliza: "Mshipa umefika Vwawa!"

"Hongera," akasema bila kuinua uso kutoka kwenye ungo. "Bado foleni ya Mpemba. Hapo ndipo madereva wanaota ndevu."

Wakacheka wote, nami nikacheka. Lakini nilikuwa na hesabu yangu ambayo sikuwaambia. Mama amekwenda umri. Kila Jumapili namkuta mwepesi zaidi kuliko Jumapili iliyopita, kitambaa cha kichwa kinamzidi. Nilikuwa nausikiliza umeme kwenye mkono wangu na kuwaza, kati ya hii punje ya ulezi na mama, nani atatangulia. Ningempa yule daktari roli, na kadi yake, kama angenihakikishia kwamba nyuzi zitafika Tunduma mama bado ana mkono wa kunishika.

Ghalani nilianza kutumia bambo. Nilisema ni kwa sababu ya usafi.

Safari moja nilimwambia daktari kinachoniuma kwenye kazi. "Nikisikia unyevu tu, basi. Vingine viache. Hiyo mishipa ya unyevu ianze kwanza."

"Hakuna mshipa wa unyevu, baba."

"Binti yangu, mimi nimejenga kwa unyevu."

"Ngozi ina nyuzi za baridi, za joto, za kuguswa, za kubanwa, za maumivu. Ya unyevu haina. Ubongo unapokea baridi huku, kuguswa kule, unajumlisha, unasema: mbichi."

Nililiwaza hilo njia nzima ya kurudi. Kwa hiyo miaka yote ile, mimi wa darasa la tano niliyechapwa kwa kutojua kujumlisha, nilikuwa najumlisha ndani ya gunia nimefumba macho, na majibu yangu yanamshinda mwenye kimashine. Nilimpigia simu hata yule mteja wangu wa Nakonde kumwambia. Lakini furaha hiyo haikudumu, maana niliwaza mara moja ni nani aliyenifundisha hiyo hesabu, na kwamba sasa Dar inasubiri habari na barabara haileti kitu.

Umeme ulipovuka kifundo cha mkono, mateso yakaanza. Vidole viliwaka moto bila moto. Maji ya kunawa yaliniwasha kama upupu. Mke wangu akaogopa, mimi nikafurahi, kwa kuwa daktari alishaniambia kwamba maumivu yanatangulia, na mguso mwepesi unakuja mwisho. Na kweli, yalipopoa, asubuhi moja nilishika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia nikakirudisha mezani haraka. Kilikuwa cha moto! Nikakishika tena. Nikakaa na kikombe kile mpaka kikapoa, nikifuata joto linavyoondoka.

Daktari alinipa zoezi. Weka mchele, maharage na mahindi kwenye sahani, fumba macho, shika, sema ni nini, kisha fumbua uone, mpaka ubongo uzoee upya. Nilimcheka. Nikamwambia, unanipeleka darasa la kwanza kwenye somo ambalo mimi ndiye mwalimu. Halafu nikalifanya, nikashindwa. Nilishika mahindi nikasema maharage.

Jumapili nililipeleka zoezi hilo Igamba. Mama alikuwa kibarazani, jua la asubuhi limemlalia magotini. Aliposikia natikisa sahani akauliza ni nini, nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe umerudi kwenye vichanja!"

"Nimerudi, mama."

"Umefumba?"

"Nimefumba."

"Utachungulia. Wewe ulikuwa unachungulia, mimi nilikuwa naona." Akafungua kitenge alichojifunika mabegani, akanitafuta uso kwa mikono, akanifunga macho. Kitenge kilinukia moshi na sabuni ya mche. Nikakaa pale mwanaume mzima, wajukuu wa jirani wananitazama uani, wala sikuona aibu.

Akanitilia punje. "Nini hii?"

"Mahindi."

"Maharage. Na hii?"

"Maharage."

"Hayo hayo. Umebahatisha. Na hii?"

Hakuniwekea kitu. Alikuwa ameshika kidole kimoja, na gumba lake linapita juu ya ncha yake, polepole, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nikausikia. Kitu chembamba, kama uzi wa gunia umekokotwa juu ya ngozi. Kabla sijajua ni nini, nilikuwa nimeshamwinamia. Ilikuwa kiangazi. Ufa ulikuwa wazi.

"Ni kidole chako," nikasema. "Ni ule ufa."

"Najua ni kidole changu. Nimeshika kipi chako?"

"Gumba."

"Siyo."

"Gumba, mama. Nausikia hapo hapo kwenye gumba."

"Mimi sioni, lakini gumba naweza kulitambua. Hiki cha shahada."

Nikavuta kitenge. Kweli alikuwa ameshika kidole cha shahada. Gumba langu lilikuwa kando, peke yake, halijaguswa na mtu, na ndani yake ule ufa ulikuwa unapita.

Daktari aliniambia baadaye kwamba huwa hivyo. Nyuzi ni maelfu, zinapoota zinaingia kwenye ganda lolote lililo mbele yake, na uzi uliokuwa wa gumba unaweza kuishia kwenye kidole cha jirani. Juu kwenye ubongo hakuna aliyetoa taarifa. Kule bado wameandika kwamba uzi huu ni wa gumba, habari ikiingia wanasema gumba. Kwa mazoezi utajifunza, akasema, lakini mkono wa mtu mzima haurudi kuwa ule wa zamani. Akasema pia kwamba mtoto angejifunza upesi kuliko mimi. Yule mtoto namfahamu, alifungwa macho kwenye vichanja, na alikuwa na mkono mzima.

Kwa hiyo siwezi kusema nimeupata mkono wa mama niliokuwa nausubiri. Nausikia kwa mbali, kama mtu anapokwambia habari za kwenu naye amezisikia kwa mwingine. Ule ugumu wa kiganja chake bado sijaupata, joto nimelipata, ufa nimeupata mahali usipopita. Wakati mwingine nafumba macho na sijui kama ninachosikia ni mkono wake wa leo au ule wa zamani ambao kichwa changu kimeuhifadhi na kunirudishia kwa huruma.

Nilimwambia mama siku ile ile, kwa kukisia tu, kwamba mshipa umekosea njia, umeingia kidole kingine.

"Si umefika lakini?" akasema.

"Umefika."

"Basi nipe tena." Akakishika kile kidole cha shahada, akasogeza gumba lake juu yake, akaniuliza ya nyumbani, ya watoto, ya mvua kama imeanza kunuka huko Tunduma. Mimi nikawa namjibu, nikilitazama gumba langu lililokuwa limekaa kando. Simu ililia mfukoni. Habari zilikuwa hazijaisha.